Je, kila chama kikubwa ni cha kifashisti? Namna mrengo wa kushoto unavyovipanga vyama

Baada ya waandamanaji kupigwa risasi nje ya Bunge, Nairobi, Juni 25, 2024, neno "fashisti" lilisikika sana. Wengi walilitumia kama tusi. Kwa watu wa mrengo wa kushoto, wanaoitazama siasa kwa jicho la wenye mali na wasio nacho, neno hilo lina maana maalumu, na wao wenyewe wamegombana sana juu yake.

Ufashisti ni nini?

Jina lilitoka Italia kwa Mussolini, aliyeshika serikali mwaka 1922. Wakomunisti husema ufashisti huja pale matajiri wakubwa wanapoona uchaguzi na mahakama haviwalindi tena, wakaunga mkono mabavu ya kuvunja vyama vya wafanyakazi na upinzani wote.

Kwa hiyo chama cha kawaida cha mabwanyenye si lazima kiwe cha kifashisti. Kinatumikia wenye mali, lakini kikishindwa kura huondoka, na mpinzani wake bado ana ofisi na gazeti.

Kosa la 1928

Mwaka huo, wakomunisti wa dunia waliokutana Moscow waliwaweka hata wasoshalisti wa wastani karibu na mafashisti. Ujerumani ililipa gharama. Katika uchaguzi wa Novemba 1932, Wanazi walipata viti 196, wasoshalisti 121 na wakomunisti 100. Wawili hao kwa pamoja walimzidi Hitler, lakini hawakushikana mikono. Januari 30, 1933 Hitler akawa waziri mkuu, na kufikia Julai vyama vyote vingine vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1935 wakomunisti waligeuza msimamo, wakahimiza muungano wa wote wanaoupinga ufashisti.

Hapa kwetu

Ugomvi huohuo umewahi kukipasua Chama cha Kikomunisti cha Kenya. Mwaka 2022 mwenyekiti wake, Mwandawiro Mghanga, mbunge wa zamani wa Wundanyi, alikiingiza katika Kenya Kwanza. Kundi la Booker Omole lilikataa, likisema Ruto na Raila wote ni wa tabaka moja. Machi 7, 2025 UDA na ODM zilipotia saini makubaliano ya kushirikiana, wenye mawazo hayo walipata la kusema.

Hoja yao inaeleweka hata Laare, mji wa miraa kule Igembe. Kaunti ya Meru iliwapa wingi wa kura Jubilee mwaka 2013 na 2017, kisha UDA mwaka 2022. Jina la chama lilibadilika, Ruto alikuwamo mara zote tatu. Mkulima wa miraa, aliyefungiwa soko la Uingereza mwaka 2014, hakuulizwa sera ya chama wala falsafa yake.

Lakini kusema vyama vinafanana si sawa na kusema vyote ni vya kifashisti. Sisi wa Pwani tunajua uzito wa mtu kuchukuliwa usiku na asifikishwe mahakamani. Hilo ni la kupingwa siku ile ile, kwa jina lake. Tukiita kila kiongozi tusiyempenda fashisti, siku atakapokuja wa kweli hatutakuwa na neno la kumwonya jirani. Mdharau mwiba mguu huota tende.