Safari ya Kujitolea na Matunda Yake

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Msomaji, methali hii yaeleza faida ya mgeni kwa mwenyeji wake; lakini historia yaonyesha kwamba mgeni naye aweza kupona. Hupona ujinga wa kutojua hali za wengine, na akirudi kwao huwa na kazi mpya moyoni. Nakuomba ufuatane nami tuitazame safari moja ya kujitolea, iliyofanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambayo matunda yake yamefika hata Kenya.

Eglantyne Jebb alizaliwa Uingereza mwaka 1876, katika jamaa yenye mali. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, wakati ambapo wasichana waliopata elimu ya namna hiyo walikuwa wachache. Alifundisha shule kwa muda mfupi, kisha akachunguza maisha ya maskini katika mji wa Cambridge, na mwaka 1906 akachapisha kitabu juu ya uchunguzi huo. Likumbuke jambo hili, maana aliposafiri hakuwa mtu mtupu: alikuwa amekwisha jifunza kutazama, kuuliza na kuandika.

Oktoba 1912 vita vilizuka katika nchi za Balkan, kusini mashariki ya Ulaya. Mapema mwaka 1913 Jebb alikwenda Makedonia kwa niaba ya mfuko wa kuwasaidia wakimbizi. Umri wake ulikuwa miaka 36. Huko alikuta watu waliofukuzwa makwao, wenye njaa na maradhi, ambao hawakuvianzisha vita wala hawakuwa na uwezo wa kuvimaliza. Aliporudi Uingereza alihutubia watu na kuomba fedha kwa ajili yao. Lakini Makedonia ilikuwa mbali, na jambo la mbali haligusi upesi moyo wa aliye salama.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Ilipokoma Novemba 1918, Uingereza na wenzake waliendelea kuzuia meli za chakula zisifike katika nchi walizozishinda, na kizuizi hicho hakikuondolewa kabisa hata katikati ya mwaka 1919. Watoto wa Austria na Ujerumani walidhoofika kwa njaa. Jebb na mdogo wake, Dorothy Buxton, walikuwa wakisoma na kutafsiri magazeti ya nchi za adui, hivyo walizijua habari hizo. Wengi waliona kwamba kumlisha mtoto wa adui ni kumsaliti mwananchi aliyekufa vitani. Jebb hakukubali. Alikuwa amewaona watoto wa vita kwa macho yake mwenyewe, akajua kwamba njaa ya mtoto haina taifa.

Mwaka huo wa 1919 aligawa karatasi zenye picha ya mtoto aliyekondeana kwa njaa, katika uwanja wa Trafalgar mjini London. Alikamatwa kwa kuchapisha karatasi bila kibali cha serikali, akashtakiwa na kutozwa faini ya pauni 5. Yasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alitoa pauni 5, na fedha hizo zikawa za kwanza katika mfuko mpya. Tarehe 19 Mei 1919, katika ukumbi wa Royal Albert, mfuko wa Save the Children ulitangazwa mbele ya umati wa watu. Mwaka 1921, njaa kubwa ilipoipiga Urusi, mfuko huo uliwalisha maelfu kwa maelfu ya watoto.

Hata hivyo Jebb alitambua kwamba sahani ya chakula hushibisha siku moja, lakini haki hulinda maisha. Mwaka 1923 aliandika tamko fupi la mambo matano juu ya haki za mtoto. Miongoni mwake ni kwamba mwenye njaa alishwe, yatima apewe makao, na taabu ikitokea mtoto awe wa kwanza kuokolewa. Shirikisho la Mataifa lilipokea tamko hilo mwaka 1924. Jebb alifariki Geneva mwaka 1928, lakini wazo lake halikuzikwa naye. Umoja wa Mataifa ulitoa tamko pana zaidi mwaka 1959, na mwaka 1989 ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1990, ikatunga Sheria ya Watoto mwaka 2001, na nyingine mpya mwaka 2022. Hivyo sheria inayokulinda wewe ina uzi mmoja unaoanzia kwa wakimbizi wa Makedonia.

Lakini tusisifu bila kupima. Mwaka 1931 wafuasi wa kazi hiyo waliitisha mkutano Geneva juu ya watoto wa Afrika. Wengi waliohudhuria walikuwa Wazungu. Waafrika walikuwa wachache mno. Watoto walikuwa wetu, na wasemaji walikuwa wengine. Hapa pana onyo kwa kila anayejitolea: huruma isiyouliza yaweza kumdharau yule inayetaka kumsaidia.

Basi, kijana, ukijaliwa siku moja kuvuka mpaka kwenda kujitolea, Uganda, India au kwingineko, usidhani kwamba safari peke yake hukufanya mwema. Wengi walikwenda Balkan, wakarudi na masimulizi tu. Jebb alirudi na swali ambalo hakuliacha kwa miaka sita, mpaka likazaa kazi. Waulize wenyeji wanahitaji nini kabla hujawapa ulicho nacho. Andika ulichokiona. Kisha rudi kwenu utazame kijiji chako kwa macho hayo mapya, maana huenda mtoto mwenye njaa uliyemwona ng'ambo anaye ndugu yake jirani na mlango wako. Wala usingoje mali nyingi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mfuko ulioenea duniani ulianza kwa karatasi, faini na pauni 5.