Wanasayansi safarini: kutoka meli ya makaa hadi treni ya umeme

Leo tunaitazama safari ya mwanasayansi anayekwenda kwenye mkutano wa wenzake, safari ambayo miaka ya karibuni imezua mjadala mkali miongoni mwa wataalamu wenyewe.

Desemba mwaka 2019, wanachama wa Muungano wa Jiofizikia wa Marekani walikusanyika mjini San Francisco. Walikuwa watu wapatao 28,000, na wengi wao kazi yao ni kupima bahari, barafu na anga. Hesabu iliyochapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Nature ilionyesha kwamba wajumbe hao, kwenda na kurudi, walisafiri jumla ya kilomita milioni 285, karibu mara mbili ya umbali ulioko baina ya dunia na jua. Safari hizo zilimwaga angani takriban tani 80,000 za hewa ya ukaa, na sehemu kubwa ilitoka kwenye ndege za masafa marefu. Yaani wale wanaotuonya kuhusu joto la dunia nao walikuwa wakilichochea.

Haikuwa hivyo tangu awali. Mwaka 1911, mabingwa wa fizikia walipoitwa Brussels kwenye mkutano wa kwanza wa Solvay, Albert Einstein alitoka Prague na Marie Curie alitoka Paris. Usafiri wa abiria kwa ndege haukuwapo, na njia za reli zilikuwa zimeiunganisha Ulaya kama utando wa buibui.

Waliokwenda mbali zaidi walipanda meli. Mwaka 1905, Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi kilifanyia mkutano wake wa mwaka Afrika Kusini. Kutoka Southampton hadi Cape Town ni zaidi ya wiki mbili baharini, na baada ya hapo msafara ulizunguka nchi kwa treni, mji baada ya mji, ukisoma mada na kutazama miamba, migodi na mimea. Tarehe 12 Septemba mwaka huo, rais wa chama, Profesa George Darwin, mwana wa Charles Darwin, alilifungua rasmi daraja la reli linalovuka mto Zambezi mbele ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo Waingereza waliyaita Victoria. Mkutano na safari vilikuwa kitu kimoja. Mtu aliyekula meza moja na mwenziwe kwa siku 17 hakuhitaji kumtafuta ukumbini kwa dakika tano za mapumziko.

Hata hivyo tusiipambe mno picha hiyo. Meli zile na treni zile ziliendeshwa kwa makaa ya mawe, na moshi wake haukuwa haba. Tena, reli ile ilikuwa sehemu ya ndoto ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo chini ya bendera moja, na wenyeji walioitandika hawakualikwa kuketi na wanasayansi. Mwendo wa taratibu haukuwa uamuzi wa mtu yeyote, kwani njia nyingine haikuwapo.

Mwaka 1914 chama hichohicho kilikwenda Australia, na vita vikuu vikazuka wajumbe wakiwa ugenini. Henry Moseley, kijana aliyekuwa ameonyesha maana halisi ya namba za elementi, alirudi nyumbani kujiunga na jeshi, akauawa Gallipoli mwaka 1915. Bronisław Malinowski, kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, alihesabiwa mtu wa upande wa adui. Alibaki huko, akaenda kuishi visiwa vya Trobriand, na utafiti wake ukabadilisha namna elimu ya jamii za watu inavyofanywa. Sidhani kama tiketi ya kwenda na kurudi kwa siku nne ingeweza kuzaa jambo kama hilo.

Mabadiliko yenyewe yalipita juu ya Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei mwaka 1952, ndege ya Comet iliondoka London kuelekea Johannesburg, ikatua Entebbe njiani, na kumaliza safari kwa chini ya saa 24. Ilikuwa huduma ya kwanza ya abiria duniani kwa ndege ya jeti. Safari iliyokuwa ikila majuma sasa ilikuwa ya siku moja, na mikutano ikaongezeka, kwa sababu kuhudhuria kulikuwa rahisi.

Wapo walioanza kugeuka. Mwaka 2011, Profesa Kevin Anderson wa Manchester, mtaalamu wa tabianchi, alikwenda kwenye mkutano Shanghai kwa treni, akivuka Urusi. Hoja yake haikuwa ya kilomita peke yake. Anayejua kwamba safari itamchukua siku nyingi huchagua mikutano michache, na hukaa zaidi anapofika.

Kisha likaja janga la korona. Mei mwaka 2020, Muungano wa Jiosayansi wa Ulaya, ambao hukutana Vienna, ulifanya mkutano wake kwa njia ya mtandao. Kwa mtafiti wa Kampala au Bujumbura, hapakuwa na viza ya kungojea wala nauli ya kuomba. Lakini mtandao nao una mipaka yake. Mwaka 1959, Louis na Mary Leakey walilipeleka fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwezi uliotangulia, kwenye mkutano wa historia ya kale ya Afrika mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mfupa wa namna hiyo wenzako hutaka kuuona kwa macho yao, si kwenye kioo cha kompyuta.

Hapa ndipo haki inapoingia. Mtu wa Paris anayekwenda Vienna ana treni, na sioni udhuru wake wa kupanda ndege. Mtu wa Nairobi hana reli ya kumfikisha huko, na akiambiwa asiruke, ameambiwa asihudhurie. Kupunguza safari kwa kipimo kimoja kwa wote ni kumnyima yule ambaye hata hapo awali alikuwa akihudhuria kwa nadra.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ambako kuna chuo kikuu kikubwa. Mhadhiri wa Dar anayekwenda kusoma mada huko hufika kwa saa nne hivi, bila ndege. Mkutano ukihamishiwa Kampala, bado atachagua kati ya ndege na basi la kulala njiani.