Tanuru Ndilo Lililopanga Bei

Chukua sarafu mbili za dola 20, zote za mwaka 1927. Zote zina mwanamke yule yule aliyeshika mwenge na tawi la mzeituni, na nyuma tai yule yule anayeruka juu ya jua. Kila moja ina gramu 33.436, dhahabu asilimia 90, iliyobaki shaba. Moja ilifuliwa Philadelphia na nyingine Denver. Ya Denver ina herufi D juu ya tarehe, ndogo kiasi kwamba mzee asiye na miwani haioni. Ya Philadelphia nimeuza nyingi, na bei yake hupanda na kushuka na bei ya dhahabu ya siku. Ya Denver sijapata kuishika. Zinazojulikana duniani hazifiki 20, na moja ikitokea mnadani huondoka kwa mamilioni ya dola.

Ukifungua daftari la kiwanda utakuta Denver ilifua sarafu 180,000 za aina hiyo mwaka ule. Si haba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, na mali ikapotea vilevile.

Mimi ni mtoto wa sonara wa Mombasa. Kwetu dhahabu huulizwa mambo mawili, karati na uzito. Baba alijibu la kwanza kwa jiwe na tindikali, la pili kwa mizani, na baada ya hapo ubishi wote ulikuwa juu ya ujira wa kazi. Hapa Philadelphia, kwenye kaunta ya sarafu za kale ninakofanyia kazi, kuna swali la tatu, nalo huweza kuyazidi yale mawili mara mia: sarafu hii iliponaje? Kwa sababu historia ya sarafu za dhahabu za Marekani ni historia ya kuyeyushwa, na tunachouza sisi ni masalia.

Mambo yalianza kwenda kombo mapema. Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 ilianzisha kiwanda cha sarafu hapa hapa Philadelphia, na dhahabu ya kwanza ikatoka mwaka 1795. Waliotunga sheria walikadiria kwamba wakia moja ya dhahabu ni sawa na wakia 15 za fedha. Ufaransa walihesabu 15 na nusu. Nusu hiyo ilitosha. Mfanyabiashara mwenye akili alitoa fedha, akachukua dhahabu, akaipakia melini, na ng'ambo ikaingia tanuruni ikaacha faida. Mwaka 1804 serikali ikasimamisha sarafu ya dola 10, ikabaki na zile ndogo, nazo zikafuata njia ya dada yao. Mwaka 1834 Bunge likapunguza dhahabu ndani ya sarafu ili uwiano uwe 16 kwa 1. Hapo ndipo zile za zamani zilipopatikana kuwa na dhahabu nyingi kuliko thamani yake ya kisheria, na zilizokuwa zimesalia nchini zikapelekwa kuyeyushwa bila hata kuvuka bahari.

Ndiyo maana dola 5 ya mwaka 1822 ni sarafu ya kutajwa kwa heshima. Daftari linasema zilifuliwa 17,796. Zinazojulikana leo ni tatu, mbili ziko kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Washington, na hiyo moja iliyo mikononi mwa watu iliuzwa mwaka 1982 kwa dola 687,500, kisha mwaka 2021 kwa dola milioni 8.4. Mteja akiniambia sarafu yake ni adimu kwa sababu zilifuliwa chache, humjibu kwamba idadi ya kufuliwa ni habari ya kuzaliwa tu.

Viwanda vya Charlotte na Dahlonega, vilivyofunguliwa mwaka 1838 kufua dhahabu ya milima ya kusini na kufungwa mwaka 1861 vita vilipoanza, vina wapenzi wake, na sarafu zake nyingi zina rangi ya kijani kidogo kwa sababu ya fedha iliyobaki ndani ya dhahabu ile. Lakini wingi wenyewe ulianza California. Tarehe 24 Januari 1848 James Marshall aliokota dhahabu kwenye kinu cha mbao huko Coloma, na mwaka uliofuata Bunge likaidhinisha sarafu mbili mpya: ya dola moja, ndogo kama kifungo cha shati, na ya dola 20. Hiyo ya dola 20 haikukusudiwa mfuko wa mtu. Kibarua wa wakati ule aliiona kwa nadra. Ilikuwa sarafu ya benki, ya forodha, ya kulipia mzigo wa meli, na ilisafiri ndani ya magunia ikihesabiwa kwa kumwagwa mezani.

Kumwagwa huko ndiko kulikozaa kazi yangu. Dhahabu ni laini hata ikichanganywa na shaba. Gunia likiangushwa, kila sarafu inaigonga mwenzake, na shavu la mwanamke aliyebuniwa na James Longacre kwa dola 20, sura iliyotumika tangu mwaka 1850 mpaka 1907, limejaa makovu ya ukingo wa sarafu nyingine. Sarafu inaweza kuwa haijawahi kununua hata mkate, na bado uso wake ukawa umepigwa vibaya. Mnunuzi mgeni hudhani alama hizo ni uchakavu, kumbe ni vitu viwili tofauti, na katikati yake kuna pesa nyingi.

Twende taratibu hapa. Shika sarafu kwa ukingo, kamwe usiguse uso. Iweke chini ya taa moja yenye mwanga mkali, uzime nyingine zote, kisha uizungushe polepole. Ikiwa haijatumika, utaona mng'ao unaozunguka uso mzima bila kukatika, kwa kuwa wakati wa kupigwa chapa dhahabu ilitambaa kuelekea ukingoni ikaacha mistari midogo sana inayoakisi nuru. Ikiwa imetumika, mng'ao hukatika kwanza mahali palipoinuka: kwenye dola 20 ya Longacre tazama nywele zilizo juu ya sikio na ncha ya taji, kwenye ile ya mwaka 1927 tazama kifua na goti la mwanamke, na ubawa wa tai. Mahali hapo panafifia kabla umbo halijaanza kupotea. Ukishaona kufifia, sarafu si mpya tena, hata muuzaji aape.

Kisha mistari. Aliyeisugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia ameacha mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, na mng'ao wake unang'aa mno pasipo uhai. Sarafu ya namna hiyo inaweza kupoteza nusu ya thamani yake na zaidi, ikiwa ni adimu. Mwisho tazama ukingo, hasa juu ya kichwa. Ukiona uvimbe mdogo au rangi iliyobadilika, hapo palikuwa na kipete. Bibi wa mtu aliivaa shingoni, na sonara aliyeiunga kwa lehemu alikuwa hodari wa kazi yake lakini hakujua anachokiharibu. Kwa mtoto wa sonara, kuliandika hilo kwenye cheti ni jambo zito kidogo.

Zamani hali hizi zilitajwa kwa maneno tu: nzuri, nzuri sana, haijatumika. Kila dalali alikuwa na kamusi yake. Ilipokuwa yake ilikuwa mpya, ilipokuwa yako ilikuwa imetumika. Kitabu chekundu cha R. S. Yeoman kilichotoka mwaka 1946 kiliwapa wananchi bei zilizochapishwa, lakini bei hizo zilisimama juu ya maneno hayo hayo. Namba zilikuja mwaka 1949 kutoka kwa William Sheldon, mtaalamu wa saikolojia aliyejulikana zaidi kwa kugawa watu kwa maumbo ya miili yao. Alikuwa mpenzi wa senti kubwa za shaba, akapendekeza kipimo cha 1 mpaka 70. Kilikuwa kipimo cha bei: senti iliyo katika hali ya 1 ikiwa na thamani ya dola moja, ile kamilifu ingekuwa na thamani ya dola 70. Bei zikalikimbia pendekezo hilo baada ya muda mfupi, kipimo kikabaki, na miaka ya 1970 chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani kikakipokea kwa sarafu zote. Basi hata leo dhahabu ya California hupewa alama kwa rula iliyotengenezwa kupimia bei ya senti za shaba. Huwa nacheka nikilikumbuka.

Lakini kabla ya Sheldon lilikuwa limekwisha kuja pigo kubwa kuliko yote. Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri ya kuwataka wananchi wakabidhi sarafu, vipande na hati za dhahabu kufikia Mei Mosi. Kila mtu aliruhusiwa kubaki na dhahabu ya dola 100, na sarafu zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji ziliachwa. Kifungu hicho kifupi kiliokoa makabati mengi. Waliotii walilipwa dola 20.67 kwa wakia. Januari 1934 serikali ikatangaza kwamba wakia ni dola 35. Magunia yaliyokuwa hazinani yakaingia tanuruni, yakatoka matofali, na mengi ya matofali hayo yana asilimia 90 ile ile ya sarafu mpaka leo.

Hapo ndipo zilipokwenda sarafu za Denver za mwaka 1927. Hazikutoka hazinani, kwa hiyo hazikuokoka. Dada zao wa Philadelphia walikuwa wamelipwa kwa wageni, wakalala kwenye benki za Ulaya miaka mingi, na sheria ya umiliki wa dhahabu ilipolegezwa kabisa tarehe 31 Desemba 1974 walikuwa tayari wakirudi kwa magunia. Iliyokaa nyumbani iliyeyushwa, iliyouzwa ng'ambo ikapona.

Ya mwaka 1933 ina kisa chake. Zilifuliwa 445,500 na hakuna iliyotolewa kwa umma. Mbili zilipelekwa Smithsonian, nyingine zikayeyushwa, isipokuwa chache zilizopenya mlangoni na kupita kwa Israel Switt, sonara wa mji huu. Moja ilifika kwa Mfalme Farouk wa Misri mwaka 1944, tena kwa kibali halali cha kuisafirisha kilichotolewa kwa uzembe. Mwaka 1996 dalali Mwingereza alikamatwa nayo hotelini New York. Kesi ikaisha kwa maelewano, ikauzwa mwaka 2002 kwa dola milioni 7.59, na mnunuzi akatozwa dola 20 za nyongeza ili sarafu ihesabiwe kuwa imetolewa rasmi. Mwaka 2021 iliuzwa tena, dola milioni 18.9. Familia ya Switt nayo ilikuta 10 kwenye sanduku la benki, ikazipeleka serikalini zithibitishwe. Hazikurudi, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2016 kwamba ni mali ya umma. Kwa maoni yangu kisheria ilikuwa sawa, lakini kama ningekuwa na sanduku lile ningemtafuta wakili kabla ya bahasha.

Namba za Sheldon zilipata nguvu mwaka 1986, kampuni ya PCGS ilipoanza kuifunga sarafu ndani ya kasha la plastiki pamoja na alama yake, na NGC ikafuata mwaka 1987. Ubishi ulipungua, na sarafu bandia zikapata tabu, maana zilikuwepo za kutisha: kuna dola 20 za bandia za mwaka 1907 zilizofuliwa kwa ustadi hata fundi wake akatia sahihi yake, herufi ya Kigiriki ndogo ndani ya kucha ya tai. Lakini kasha halikuondoa jicho la binadamu. Alama hutolewa na watu wanaotazama kwa sekunde chache. Kutoka 62 hadi 63, au 65 hadi 66, bei inaweza kuruka mara mbili au zaidi, ndiyo maana wapo wafanyabiashara wanaovunja kasha na kuirudisha sarafu ile ile mara kwa mara mpaka namba ipande. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2007 ilianzishwa kampuni nyingine, CAC, ya kuwakagua wakaguzi na kubandika kibandiko cha kijani juu ya kasha.

Mimi nikipanga bei huanza na dhahabu: dola 20 yoyote halisi ina wakia 0.9675, hiyo ni sakafu. Juu yake naweka ngapi zilipona, kisha hali, kisha wanunuzi wako wangapi mwezi huu. Dhahabu ikipanda sana, sarafu za kawaida zenye 61 na 62 humezwa na sakafu, na namba iliyo kwenye kasha haina kazi. Na zipo zenye 58, zilizoguswa kidogo tu, ambazo naziona nzuri kuliko zenye 61 zilizopigwa magunia. Nanunua hizo kila nikipata.

Basi wewe uliyerithi moja, iwe ya Marekani au ile pauni ya Malkia iliyokuwa kwenye kidani cha nyanya yako: usiisugue, usiipeleke kwa sonara kutiwa kipete, na kama kipete kipo tayari usimwambie akitoe. Soma mwaka, tafuta herufi ya kiwanda, na uipeleke kwa wanunuzi wawili wasiojuana kabla hujakubali bei ya yeyote.