Nafasi ya Gnetales katika Uainishaji wa Mimea ya Mbegu Uchi

Katika miaka ya 1820 Robert Brown alionyesha kwamba ovuli za misonobari na sikadi hazifunikwi na ovari. Kwa hoja hiyo gimnospermi, yaani mimea ya mbegu uchi, zilipata mpaka wake, lakini mpaka huo haukuheshimiwa mara moja. Mwaka 1851 Hofmeister alieleza jinsi uzazi wa mimea hiyo unavyokaribiana na ule wa kangaga. Hata hivyo, Bentham na Hooker, katika *Genera Plantarum*, bado waliiweka katikati ya dikotiledoni na monokotiledoni.

Ugumu mkubwa zaidi ulitokana na kundi dogo la Gnetales. Tarehe 3 Septemba 1859, karibu na Cabo Negro kusini mwa Angola, Friedrich Welwitsch aliuona mmea wa jangwani wenye shina fupi na majani mawili tu, yanayoendelea kukua muda wote wa uhai wake. Hooker aliueleza kwa kina mwaka 1863 kwa jina la *Welwitschia mirabilis*, akauweka pamoja na *Ephedra*, kichaka cha nchi kavu, na *Gnetum*, ambayo spishi zake nyingi hutambaa katika misitu ya tropiki (majani ya *Gnetum africanum* huliwa Kongo kama mboga iitwayo fumbwa). Kwa sura, jenasi hizo tatu hazielekei kuwa ndugu. Zinachoshirikiana ni mirija mipana ya kupitishia maji, isiyopatikana katika gimnospermi nyingine, na koni zilizopangika mithili ya maua.

Mfanano huo ndio uliowavuta wataalamu. Crane mwaka 1985, kisha Doyle na Donoghue mwaka 1986, walichambua sifa za maumbile, za mimea hai na ya visukuku, wakaziweka Gnetales karibu kabisa na mimea itoayo maua. Mwaka 1990 Friedman alithibitisha utungisho maradufu katika *Ephedra*, na dhana hiyo ikaonekana kukamilika, ingawa utungisho wa pili huko huzaa kiinitete kingine, si chakula cha mbegu.

Onyo, hata hivyo, lilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1918 Thompson alikuwa amebainisha kwamba mirija ya Gnetales huundika kwa njia tofauti na ile ya mimea ya maua, hivyo haikurithiwa kutoka kwa mhenga mmoja. Hoja yake ilijulikana, lakini haikupewa uzito ulioistahili. Ni ulinganishaji wa jeni, kuanzia mwaka 1999, uliozihamisha Gnetales hadi kwa konifa, na chambuzi nyingi huziweka jirani na familia ya misonobari.

Uhamisho huo una gharama. Ikiwa Gnetales zimechipuka ndani ya konifa, basi jina konifa, kwa maana yake ya kawaida, halitaji tena ukoo kamili. Huenda ndiyo sababu uainishaji wa Christenhusz na wenzake wa mwaka 2011 uliziachia Gnetales tabaka dogo la peke yake, suluhisho la tahadhari kuliko la nasaba. Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1879 Darwin alimwandikia Hooker akilalamikia fumbo la kutokea ghafla kwa mimea ya maua. Mmea uliodhaniwa kuwa ufunguo wa fumbo hilo ulielezwa na Hooker huyohuyo. Sasa hakuna gimnospermi hai iliyo karibu na ua kuliko nyingine, na ushahidi umebaki kutafutwa katika visukuku.