Kijiji Kilichofagiliwa: Penzi na Vita katika Riwaya ya C. S. Forester

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria humwahidi msomaji mambo mawili: mioyo ya wapendanao, na zama zilizoiunda mioyo hiyo. "The African Queen" ya C. S. Forester, iliyochapishwa mwaka 1935, inatimiza ahadi ya kwanza na kuivunja ya pili. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro hiyo imo katika muundo wenyewe wa hadithi.

Kisa chaanza mwaka 1914, bara, katika koloni la Wajerumani. Jeshi lawazoa wanakijiji wawe wapagazi na askari, mmisionari afariki, dada yake, Rose, aondoka kwa mashua pamoja na fundi Allnutt. Waliozolewa hawarejei tena katika usimulizi. Ni kana kwamba kijiji kimefagiliwa ili wapenzi wapate faragha.

Msomaji wa Mutomo, kusini mwa Kitui, hana budi kuuliza: watu wale walikwenda wapi? Kwa upande wa Waingereza, Ukambani nao ulitoa wapagazi. Mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia uandikishaji mkubwa wa lazima. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi na chakula kibovu kuliko kwa risasi. Walionusurika walirudi na kukuta njaa na homa ya mafua ya 1918. Kumbukumbu yao imehifadhiwa na majina ya mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yote mawili yakitokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Tumtendee mwandishi haki: mwisho wa riwaya haumhakikishii msomaji kwamba wapenzi wataishi raha mustarehe. Hata meli ya adui ina asili ya kweli, yaani Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924, na kurudi Ziwa Tanganyika mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Yasikitisha kwamba chuma kimepewa historia ambayo mpagazi amenyimwa.

Hatudai riwaya igeuke kitabu cha historia. Twasema tu kwamba mke aliyebaki na jembe katika ardhi kame ya Mutomo, akimngoja mume asiyejulikana alikozikwa, naye alipenda wakati wa vita. Mwandishi atakayeanzia kwake ataufungua mlango ambao Forester aliufunga katika kurasa za mwanzo.