Huruma inafundishika? Tuwaulize Wafipa

Haya, nimerudi. Nilikuwa Milepa, bonde la Rukwa, chini ya ukingo wa nyanda za Ufipa. Nikitaja Sumbawanga tu, jamaa zangu wa Dar wananiuliza kama sikupigwa radi. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapa watu wazima wenye afya zao mazoezi ya huruma, dakika 30 kwa siku, wiki mbili tu. Unamtakia heri umpendaye, kisha wewe mwenyewe, kisha usiyemjua, mwishowe yule msiyeelewana. Baadaye, katika mchezo wa pesa, walitoa zaidi kumsaidia mgeni aliyedhulumiwa kuliko wenzao waliofundishwa kuyatazama matatizo yao kwa jicho jingine. Utafiti mwingine wa 2008, wa wiki saba, uliona wafanyakazi wa kampuni moja wakiongezeka furaha.

Wiki mbili! Wafipa walichukua miongo kadhaa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Ufipa ilijaa mapigano ya wenyewe kwa wenyewe. Wakaja Wangoni wa Zwangendaba, naye akafia hukohuko mnamo 1848. Lakini Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1880, alikuta wakulima watulivu. Silaha zilikwenda wapi? Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliliita jambo hilo fumbo. Nikimsoma, naona biashara ilikua, watawala wa Nkansi na Lyangalile wakahitaji utulivu, na kijijini sifa ya mtu ikawa ukarimu na maongezi. Hakuna aliyefumba macho kumwombea heri adui. Walialikana kulima matuta, wakanywa pombe pamoja, wakasalimiana kwa kirefu. Hata leo, kule nilikopita, kina mama walinisalimia wakipiga makofi taratibu, mimi ambaye hawanijui kabisa.

Sasa kuna jambo linalonisumbua. Februari 2013, mwaka uleule wa utafiti wa Wisconsin, katika kata hiyohiyo ya Milepa, mtoto mwenye ualbino alikatwa mkono akitoka shule. Kwa waliomkata, mkono ule ulikuwa bidhaa. Kwenye yale mazoezi kuna umpendaye, kuna mgeni, kuna adui. Sikuona nafasi ya mtu ambaye wengine wamefundishwa kwamba si mtu.

Picha nitaziweka umeme ukirudi.