WULFILA

Wulfila ni jina la kiume la Wagothi, kaumu iliyokaa kaskazini ya mto Danube katika karne ya 4, nalo limedumu katika taarikhi kwa fadhila ya mtu mmoja, askofu aliyewabunia watu wake alfabeti na kuwafasiria Biblia.

Asili yake ni neno wulfs, yaani mbwa mwitu, lililotiwa kiambishi -ila cha kudogosha. Maana yake basi ni mbwa mwitu mdogo. Lakini msomaji asikipime kiambishi hicho kwa ki- yetu, ambayo katika neno kama kijitu hubeba dharau, kwani -ila ilibeba mahaba. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika Attila, jina la mfalme wa Wahuni, ambalo wanazuoni wengi hulinasibisha na atta, neno la Kigothi la baba: baba mpenzi, wala si baba mdogo kwa maana ya ami.

Kumwita mtoto kwa jina la mnyama mkali hakukuwa aibu kwao. Mfalme wao Athaulf, aliyeuawa mwaka 415, aliitwa mbwa mwitu wa nasaba bora. Na Waarabu, wasiohusiana nao kwa lugha wala damu, walikuwa na Uways, udogo wa neno aws, ambalo ni mojawapo ya majina ya kale ya mnyama huyo huyo. Jina hilo la pili twalijua vyema pwani, kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeeneza twarika ya Kadiria hata Unguja, akafariki mwaka 1909.

Wayunani, kwa kuwa hawakuwa na herufi ya w, waliliandika jina hili kwa irabu mbili zisomwazo u, na kutoka kwao vitabu vingi vikarithi umbo la Ulfilas. Wulfila ni umbo lililorejeshwa na wataalamu wa lugha.

Mwenye jina alizaliwa yapata mwaka 311. Philostorgius, mwandishi wa taarikhi ya kanisa, asimulia kwamba wazee wake walikuwa Wakristo wa Kapadokia waliotekwa na Wagothi, na kwa hiyo jina hili la Kigothi halisi lilichukuliwa na mjukuu wa mateka, jambo ambalo kwangu ndilo lenye kugusa moyo kuliko yote katika habari zake. Eusebius wa Nikomedia alimweka kuwa askofu yapata mwaka 341. Akafa Konstantinopoli mwaka 383. Philostorgius asema tena kwamba aliviacha vitabu vya Wafalme bila kuvifasiri, kwa kuwa Wagothi walipenda vita bila ya kuchochewa.

Nakala mashuhuri ya Injili zake, iliyonakiliwa Italia katika karne ya 6 kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, imehifadhiwa Uppsala, Uswidi. Humo, katika sura ya 7 ya Mathayo, pale watu wanapohadharishwa na manabii wa uongo wajao wamevaa mavazi ya kondoo, lasomeka neno wulfos, yaani mbwa mwitu wengi: mfasiri hakulikwepa wala hakutafuta jingine, bali aliliandika neno la jina lake mwenyewe.